Kichupa Namba 138

Kazini walimwita Bi Pini. Alikuwa amelizoea jina hilo kiasi kwamba mtu akimpigia simu na kutaja jina lake la cheti, alinyamaza kidogo kwanza, kama anayeulizwa habari za jirani. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa ametumika katika ghala la wadudu la jumba la makumbusho, chumba cha chini kabisa, chenye madirisha membamba karibu na dari ambako kutwa nzima zilipita nyayo za watu wa barabarani. Humo ndani mlikuwa na makabati ya chuma mia mbili na kumi, meza mbili, hadubini moja nzuri na nyingine ya kubahatisha, na harufu ya dawa ya nondo ambayo dada yake alisema imemwingia mpaka kwenye mifupa.

Kazi yake ilikuwa kuwatoa wadudu kwenye vichupa vya spiriti, kuwakausha, kuwachoma pini au kuwabandika kwa tone la gundi kwenye ncha ya karatasi, kisha kumwekea kila mmoja lebo chini yake: amekamatwa wapi, lini, na nani. Lebo yenyewe haikuzidi ukucha wa kidole kidogo.

Wadudu wake walikuwa sisimizi, nyuki na nyigu, ambao ni ndugu wa ukoo mmoja ingawa wengi hawaamini. Waliletwa kutoka kila pembe ya bara. Walikuwapo siafu wa msituni, ambao madume yao wana mabawa na ukubwa wa kidole, hata mtu akadhani ni nyigu. Walikuwapo sisimizi wa jangwani wenye miguu mirefu, wanaotoka mashimoni saa sita mchana wakati hata mijusi wamekimbilia kivulini. Walikuwapo majimoto wanaoshona majani kwa uzi wa watoto wao, nyuki wasiouma wanaowaingia watu machoni wakitafuta jasho, nyigu wa mikuyu, na nyigu wadogo kuliko nukta ambao hutaga ndani ya mayai ya wadudu wengine. Bi Pini aliwajua kwa sura, kama mwalimu anavyojua darasa lake.

Siku moja karani wa mapokezi alimletea mdudu kwenye kiberiti. "Bi Pini, nimekupatia sisimizi wa ajabu."

"Huyu ni mchwa, mwanangu," alimjibu. "Ukoo wake ni mende. Usimvunjie sisimizi heshima."

Mambo yalianza na mstari. Alikuwa anakata lebo akaona maandishi yamepinda katikati, kama waya uliokanyagwa. Akabadilisha balbu ya taa. Akafuta lenzi. Akanunua miwani nyingine. Wiki chache baadaye alikuwa anatazama uso wa nyigu kwenye hadubini: aliona vipapasio, aliona miguu, lakini pale uso ulipotakiwa kuwa palikuwa na moshi. Akasogeza kibao upande. Moshi ukasogea naye.

Alikwenda kwa daktari wa macho peke yake, bila kumwambia mtu. Daktari alimweleza taratibu kwamba sehemu ya katikati, nyuma ya jicho, inakufa. Macho yote mawili. Pembeni ataendelea kuona, lakini katikati hapatarudi.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Natunza stoo."

"Basi afadhali. Kazi za vitu vidogo uachane nazo."

Akashukuru, akakunja karatasi ya daktari akaisokomeza chini kabisa ya mkoba, na kesho yake asubuhi akashika kibano kama kawaida.

Ukimuuliza leo kwa nini, hatoi sababu moja. Alikuwa na miaka hamsini na saba. Hakuolewa, hakuzaa. Idara ilikuwa katikati ya kazi kubwa kuliko zote ilizowahi kufanya, ya kuorodhesha sisimizi, nyuki na nyigu wa bara zima na kuchora ramani ya kila aina, na vichupa vilikuwa vinaingia kwa makasha. Hakukuwa na mwingine aliyeweza kumbandika nyigu wa ukubwa wa nukta bila kumvunja. Akajiambia mikono yake inajua kazi hata macho yakichoka. Kwa kubandika, ilikuwa kweli.

Alijifunza kutazama kwa kando. Aligeuza shingo kidogo, kitu kikaingia pembeni mwa jicho, na pale kikaonekana kwa ukungu lakini kikaonekana. Wenzake walidhani ana shingo mbovu. Mmoja alimletea dawa ya kuchua. Shida ilikuwa namba. Kila kichupa kilikuwa na kipande cha karatasi ndani chenye namba ya penseli, na namba hiyo ndiyo iliyosema lebo ipi ikae chini ya mdudu yupi. Moja na saba zilifanana. Tatu na nane zilifanana zaidi. Alipokuwa na shaka alikisia, na alipokisia hakuna kilicholia. Pini ilisimama, lebo ikakaa, droo ikafungwa. Hivyo hivyo kwa miezi kumi na moja.

Mkuu wa idara alikuwa mtu mrefu aliyetembea kama anayechelewa hata alipokuwa anakwenda kunywa chai. Asubuhi moja aliingia ghalani na droo mkononi, uso umemng'aa.

"Bi Pini, njoo uone ulichonifanyia."

Akamwonyesha sisimizi mwekundu mwenye kichwa kipana kama koleo. "Huyu wote tunaomjua anaishi msitu mnene, kandokando ya mto mkubwa. Hajawahi kupatikana kwingine. Sasa lebo yako inasema ametoka kwenye chemchemi katikati ya jangwa. Kichupa namba mia na thelathini na tatu."

"Jangwani?"

"Jangwani. Zamani kule kulikuwa na miti na maziwa. Kulipokauka, hawa walibakia pale penye maji, wamejificha maelfu ya miaka, na sisi tumekaa tunasema ni wa msituni tu." Alikuwa anacheka peke yake. "Hii makala itasomwa. Jina lako naliweka kwenye shukrani, tena la kwanza."

Bi Pini alikuwa ameshajua kwamba lebo imekosewa. Alikumbuka siku aliyowabandika wale wekundu: spiriti yao ilikuwa na rangi ya chai, kwa majani yaliyooza ya msituni. Vichupa vya jangwani spiriti yake huwa nyeupe kama maji, na mchanga kidogo chini.

Alisubiri wenzake watoke kwenda kula. Akatoa kichupa 133 na 138, akamimina kila kimoja kwenye kisahani chake, akainamia hadubini akiwa amegeuza kichwa. Kwenye 133 mlikuwa na sisimizi wa miguu mirefu, na hapakuwa na mwekundu hata mmoja. Kwenye 138, ndani ya spiriti ya rangi ya chai, mlikuwa na wekundu kumi na mmoja, vichwa kama koleo, ndugu kabisa wa yule wa kwenye droo. Akageuza na kugeuza kipande cha karatasi mpaka namba ikakaa pembeni mwa jicho. Ilikuwa tatu, kisha ikawa nane, kisha ikabaki nane.

Makala ya Mkuu ilikuwa imesimama juu ya kosa lake yeye.

Akakaa kitini. Ndipo likamjia lile jingine, lililo kubwa zaidi: kwamba kosa haliwezi kuwa kwenye kichupa kimoja. Akaanza kufungua droo za mwaka ule, moja baada ya nyingine. Wadudu elfu mbili na mia nne na tisa. Kila mmoja amesimama sawasawa kwenye pini yake, mabawa yamenyooshwa, lebo imelala vizuri chini. Mtu yeyote angesema ni kazi safi. Na yeye aliyeifanya hakuweza kusema lebo ipi ni ya kweli. Mdudu asiye na mahali alipotoka hana faida kubwa kwa watafiti. Mwenye mahali pa uongo ni hasara kabisa, maana ataaminiwa, na ataendelea kuaminiwa wote waliomjua wakiwa wamekufa.

Akabeba kichupa 138 mpaka kwenye sinki. Akafungua bomba. Alisimama pale maji yakimwagika, kichupa kimeinama mkononi, akijua kwamba kikishakwenda hakuna mtu duniani atakayemwuliza. Nyayo zilipita juu dirishani. Akafunga bomba. Hakukirudisha kabatini pia. Alikifunga kwenye leso akakitia mkobani.

Siku tisa zilizofuata ndizo asizopenda kuzisimulia. Mkuu alitundika ramani ya bara ukutani na kuchomeka pini nyekundu katikati ya jangwa. Watu wa ghorofa za juu walishuka kuitazama. Mkurugenzi mwenyewe alishuka. Wakampa Bi Pini mkono wa hongera, naye akaupokea. Hakubandika mdudu hata mmoja siku hizo. Alihamisha pini zile zile kutoka ubao mmoja kwenda mwingine ili aonekane ana shughuli. Aliwaza kuandika barua ya kuacha kazi, lakini aliona makosa yatabaki droo kwa droo. Aliwaza kujidai mgonjwa. Siku ya saba, akiwa anachomoa birika la umeme kama alivyolichomoa kila jioni kwa miaka yote hiyo asije akaunguza ghala, alijikuta anatamani asilichomoe, jengo lote liwake, wadudu wote wa bara waishe na kosa lake liishe nao. Akalichomoa, akakaa sakafuni mpaka mlinzi alipokuja kugonga.

Jumamosi, dada yake mkubwa alikuwa anatafuta ufunguo wa geti. Wawili hao waliishi pamoja tangu dada alipofiwa na mumewe. Dada alikuwa amestaafu kiwanda cha uchapaji, ambako kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kusoma vitabu kwa mara ya mwisho kabla havijachapwa na kunasa makosa. Alikuwa na miaka sitini na sita na macho ya mwewe.

"Mdogo wangu, hiki ni nini kwenye mkoba?"

"Sisimizi."

"Naona ni sisimizi, mimi si kipofu."

Bi Pini akageuza uso. Dada akaweka kichupa mezani, akakunjua na ile karatasi iliyokuwa chini ya mkoba, akaisoma yote. Kisha akachukua gazeti akamsogezea.

"Nisomee hapa."

Bi Pini akasoma kichwa cha habari, kilichoandikwa kwa herufi kubwa.

"Mstari wa chini yake."

"Siuoni."

"Tangu lini?"

"Mwaka jana."

"Na barabara unavukaje?"

"Wenzangu wakivuka, navuka."

Dada akavuta kiti. "Kumbe ndiyo maana nimetafuna mawe kwenye maharage mwaka mzima, nikasema labda nazeeka meno." Alisema hivyo akiwa tayari anafuta machozi kwa ncha ya khanga. Halafu akauliza habari ya kichupa, na Bi Pini akamweleza yote, hata lile la birika.

Dada alisikiliza mpaka mwisho. "Mkuu wako anaituma lini hiyo makala?"

"Ijumaa."

"Basi Jumatatu unakwenda kumwambia."

"Watanifukuza, Dada."

"Watakufukuza," alisema dada. Hakumpaka asali. "Nitakusindikiza mpaka mlangoni. Ndani utaingia mwenyewe."

Jumatatu Mkuu alikuwa anaandika. Bi Pini aliweka kichupa mbele yake na kusema maneno aliyokuwa ameyapanga njia nzima: kwamba wekundu wametoka msituni, kwamba amesoma namba vibaya, kwamba haoni, kwamba ameficha miezi kumi na moja. Aliyasema yote bila kupumua, kisha akasimama.

Mkuu aliinua kichupa kwenye mwanga. "Hiki kimeonwa na nani mwingine?"

"Dada yangu."

"Dada yako." Akakiweka chini. Akaenda kusimama mbele ya ramani. "Unajua nimeshamwambia mkurugenzi? Nimeshawaandikia watu wa nje? Ungenyamaza wiki moja tu..." Akajikatiza mwenyewe, akapitisha kiganja usoni.

"Mkuu, nilijaribu. Nimenyamaza siku tisa. Nikaona kwamba naweza, na ndicho kilichoniogopesha."

Akachomoa pini nyekundu. Pakabaki kitundu kwenye karatasi, na yeye akabaki anakitazama.

"Kila asubuhi ulinisalimia," alisema bila kugeuka. "Miezi kumi na moja. Nikakuuliza hujambo, ukasema sijambo."

"Ndiyo, Mkuu."

"Toka kwanza. Nikitulia nitakuita."

Aliitwa siku tatu baadaye. Makala ilikuwa imefutwa. Barua ya mkurugenzi ilisema kwamba Bi Pini atastaafishwa kwa sababu ya afya, bila sherehe, na kwamba kabla ya kuondoka apewe wiki saba za kusaidia kusafisha alichokichafua, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua alivyofanya kazi. Aliomba jambo moja tu, dada yake aruhusiwe kuingia ghalani. Mkuu akasema haidhuru, aingie.

Wakaketi wawili kwenye meza moja. Dada alishika droo, akasoma kila lebo kwa sauti, akaeleza mdudu anavyoonekana. Bi Pini alifumba macho akakumbuka. Mabaki kwenye vichupa yaliwasaidia. Rangi ya spiriti ilisaidia. Madaftari ya wakamataji yalisaidia pia, na aina ya gundi, maana katikati ya mwaka alikuwa amebadilisha chupa. Mara nyingine alisema, "Huyu niliyemvunja mguu, nikaugundisha," na dada akatazama akauona mguu umegundishwa kweli, na kwa hapo wakajua ni wiki gani.

"Hawa nyigu wako viuno vyembamba hivi wanakula nini?" dada aliuliza siku moja.

"Buibui. Wanawachoma wasiweze kujongea, wanawafungia ndani na yai."

"Basi sitawaonea huruma tena."

Lakini siku za kucheka zilikuwa chache. Kilichomuumiza Bi Pini kuliko chote kilikuwa usafi wake mwenyewe. Kichupa kilichobaki kitupu alikuwa na desturi ya kukisuuza na kukirudisha kwenye kasha, na nyigu wengi waliletwa mmoja mmoja, kwa hiyo kichupa kilipotolewa mdudu wake hakikubaki na shahidi. Kwa hao hapakuwa na la kufanya. Kila jioni droo ya waliorudishiwa mahali pao ilijaa, na droo ya wasiojulikana ikajaa. Wiki ya tano aliacha kuuliza hesabu. Siku moja Mkuu alishuka akamkuta amelaza kichwa mezani kati ya visahani, na dada ameshika mkono wake. Akarudi juu kimyakimya.

Mwishoni waliwarudisha elfu moja na mia saba na tisini. Mia sita na kumi na tisa walishindikana.

Miongoni mwa hao alikuwamo nyigu mmoja wa kijani inayong'aa, mdogo kama punje ya mchele, mgongo una vishimo vidogo kama shaba iliyopigwa nyundo. Mkuu alimpeleka kwa mtaalamu wa nyigu, mtu mzima aliyetumia maisha yake kwenye kundi hilo. Akarudi naye siku mbili baadaye, akavuta kiti, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ile ya ramani.

"Anasema hajawahi kumwona. Hayumo kwenye kitabu chochote. Anauliza ametoka wapi."

Dada alisoma lebo tena, wakapitia daftari tena. Vichupa vinne vingeweza kuwa vyake: kimoja cha milima ya mashariki, kimoja cha pwani ya magharibi, kimoja cha nyanda kavu za kusini, kimoja cha ukingo wa jangwa. Vyote vimesuuzwa. Bi Pini alifumba macho kwa muda mrefu sana. Alikumbuka alivyomshika kwa kibano, alikumbuka hata uzito wake uliokuwa kama hakuna. Spiriti hakuikumbuka.

"Jaribu tena," alisema Mkuu, kwa upole ambao ulimwumiza kuliko ile hasira.

"Sikumbuki, Mkuu. Nikisema mojawapo, nitakuwa nakisia."

Mkuu alitikisa kichwa kukubali. Bara lilikuwa kubwa, na nyigu mwenyewe alikuwa mmoja.

Lebo za wasiojulikana zilichapwa kwa mashine, isipokuwa ya huyo. Hiyo Bi Pini aliomba aiandike kwa mkono. Ilimchukua asubuhi nzima na karatasi nyingi zilizoharibika, kichwa kimegeuzwa, kalamu ikitafuta mahali pa kuanzia. Aliandika: *Mahali hapajulikani. Kosa la mwandaaji.*

"Hilo la pili si lazima," dada alisema.

"Atakayekuja asije akamlaumu aliyemkamata. Yule alipanda mlima, au alitembea juani. Alifanya kazi yake."

Dada akaisogeza karibu na uso, akaikagua herufi kwa herufi kama alivyokagua vitabu vya watu. "Haina kosa," alisema, kisha akaona alichokisema, akairudisha mezani.

Ijumaa ya wiki ya saba Bi Pini alikabidhi ufunguo wa ghala kwa karani wa mapokezi, kwa kuwa Mkuu alikuwa kwenye kikao. Nje, dada alimshika kiwiko wakavuka barabara.

Sasa ni miaka mitatu. Haoni nyuso tena, anatambua watu kwa sauti na mwendo. Maharage anachambua dada. Mara moja moja simu hulia asubuhi, na Mkuu, bila salamu ndefu, huuliza nyuki fulani wa zamani yuko kabati gani, na Bi Pini humjibu papo hapo: kabati la sitini na nne, droo ya tatu kutoka chini, upande wa kushoto. Mkuu humshukuru. Kuhusu yule wa kijani hajawahi kuuliza, na Bi Pini hajawahi kumtaja.